Nasuka ukili na takataka za bichi, mama kanigomea. Nichanganye au niache?

BintiKusini

Assalaam aleykum jamani. Mie humu huwa napita nasoma tu naondoka, leo nimeamua nifungue mada maana jambo lenyewe limenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kuniamulia, kila mtu ana upande wake.

Kwetu Jambiani, Unguja. Mama analima mwani, na maji yakiwa mafu, hayakupwi sana, anapiga kumbi, yale maganda ya nazi ya kusokotea kamba. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa msukaji wa kutajwa wa ukili, ule utepe wa ukindu (majani ya mkindu, jamii ya mtende) unaoshonwa mkeka, mtu akiozesha mwanawe mkeka unaagizwa kwake. Mie nikenda mjini nikasoma sanaa miaka miwili, nikarudi na brashi na rangi za kopo, kumbe kitu ninachokitafuta nimekiacha nyumbani ukumbini. Sasa mwaka wa pili huu najifundisha kusuka kwa mama, kwa bibi nilikuwa mvivu akiniita nakimbia, leo natamani angekuwepo nimuulize hata swali moja tu la kutia rangi.

Haya, mada. Wanaoijua pwani yetu wanajua, kusi likivuma kuna siku mchanga hauonekani, chupa, ndara za mguu mmoja mmoja, vipande vya nyavu, na hizi taitai za mwani ndo usiseme. Kwa asiyejua, taitai ni kile kijikamba cha plastiki cha kufungia mche wa mwani kwenye kamba kubwa, shamba moja zinakwenda mamia, zikikatika zinaondoka na maji. Takataka nyengine tunasema zimeletwa na bahari au zimetoka mahotelini lakini hii taitai ni yetu wenyewe, mama yangu mwenyewe nimemuona anaikata na kuiachia hapo hapo na mie nilipokuwa mdogo nimefanya sana.

Nimeshajaza viroba 3. Nataka nifanye mkeka mmoja mkubwa wa kutundika, urefu mita 6, juu unaanza ukindu mtupu na kila ukishuka plastiki inazidi mpaka chini kabisa hakuna ukindu tena. Mtu akiutazama aelewe bila ya kuandikiwa. Nimesuka kama pima mbili hivi nikampelekea mama, kaushika, kaugeuza nyuma mbele, kanambia "huu si mkeka, hili jaa la taka". Basi. Tokea siku hiyo hanichanii hata ukindu.

Sasa nyie mnasemaje, nachanganya au naharibu kazi ya bibi? Na kama kuna aliyewahi kusuka ukindu na nailoni pamoja anambie kwa nini ukili wangu unajikunja. Ukikauka, upande wa ukindu unavuta na upande wa plastiki umekaa vile vile, unatoka kama mkia wa kinyonga.

---

Mtoto_wa_Ngambo

Hahaha mkia wa kinyonga. Endelea dada usivunjike moyo. Mnakumbuka lile dau la plastiki lililotoka Lamu likaja mpaka hapa Unguja 2019? Flipflopi. Mafundi wa dau wale wale wa Lamu, mbinu zile zile za baba zao, ila mbao hakuna, plastiki ya takataka tu na ubavuni wamelipiga ndara rangi rangi. Nilikwenda kuliangalia nikasema hili halifiki hata kisiwa cha Chumbe hapo jirani, na kumbe wameshatoka nalo Lamu. Wazee wakacheka pale, lakini wakaligusa. Hamna mzee aliyepita bila kuligonga ubao.

---

Kasa_Dume

Mimi ntakuwa mbaya kidogo mnisamehe. Naona kila siku "sanaa na mazingira", mtu anachukua kazi ya mama zetu, anaitundika ukutani, anaandikiwa jina lake chini, anapigwa picha, na yule aliyesimama majini mpaka kiunoni tokea alfajiri au aliyekaa anagonga kumbi juani jina lake halipo popote. Kumbi zenyewe unazifukia miezi kwenye mchanga wa pwani zilainike, ukizifukua harufu yake utaijua, unapiga, unaosha, unaanika, unasokota, halafu kamba anakuja mtu anaikadiria kwa bei ya chai.

Dada angu aliwahi kupelekea vikapu hoteli moja huko mashariki, wamevipanga vyumbani, mgeni analala anaviona, yeye pesa kazungushwa miezi minne mpaka kachoka kwenda. Kwa hiyo kabla hujaniuliza plastiki inafaa au haifai mimi nakuuliza huo mkeka wako mita 6 utaonwa na nani, na mama yako atapata nini?

---

BintiKusini

Kaka Kasa Dume hujawa mbaya, swali la haki. Nataka utundikwe skuli kwetu kwanza, kabla ya mjini, maana watoto ndo wanaozikata hizo taitai siku za bamvua, maji yakikupwa sana, wakienda kuwasaidia mama zao. Kuuza sijafikiria. Hilo la mama sina jibu lake bado, nimelisoma mara mbili nikafunga simu.

---

Mzenji_Ughaibuni

Salamu kutoka kwenye baridi. Binti Kusini nna mtu wa kukutajia, kamtafute kwenye simu yako: Cecilia Vicuña, msanii wa Chile, kazaliwa 1948. Huyu mama ana miaka karibu sitini anafanya hicho hicho unachokihangaikia wewe. Alianza 1966 kwenye ufukwe wa Concón huko kwao, anaokota vijiti, manyoya, vipande vya takataka, anavifunga na uzi anavisimamisha kwenye mchanga halafu anayaachia maji kujaa yaje yachukue. Basi, ndo kazi yenyewe. Imekwenda na maji.

Halafu akaingia kwenye kipu. Kipu ni kamba zenye mafundo, watu wa milima ya Andes ndo walikuwa wakiwekea hesabu na kumbukumbu zao, fundo liko wapi, kamba rangi gani, imesokotwa kulia au kushoto, vyote vina maana. Wahispania walipotawala wakazipiga marufuku, zikachomwa, mpaka leo nyingi zilizobaki hakuna anayeweza kuzisoma zote. Yeye akazirudisha, ila kubwa, kubwa kupita kiasi. Mie 2022 nilikwenda kuziona hapa London kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, ule ukumbi wao mkubwa uliokuwa wa mitambo ya umeme, katundika mbili, kila moja urefu mita 27, sufi isiyosokotwa, nyuzi za mimea, kamba, vyote vyeupe vyeupe kama miti iliyokufa kwa ukame. Yaani nimesimama chini yake nikaona kama nimesimama ndani ya msitu wa maiti. Na humo ndani mna vitu vilivyookotwa kandokando ya mto Thames, mna vigae, mna mifupa, waliookota ni wanawake wa Amerika ya Kusini wanaoishi hapa hapa London, na hilo limesemwa wazi, halikufichwa. Kasa Dume hapo nakujibu na wewe kidogo.

Mwaka huo huo wa 2022 akapewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya kazi ya maisha yake yote, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Yuko sabini na kitu. Alikuwa London anasoma, 1973 jeshi likapindua serikali kwao, asirudi. Nasema haya kwa sababu tukisikia msanii mkubwa tunadhani kapita njia iliyonyooka.

Ila angalia kitu kimoja, na hapa mama yako nampa haki yake: yule sufi na nyuzi hakuzisuka pamoja na takataka. Takataka kazining'iniza. Mie si fundi, nimeona tu kwa macho, nakupa kama nilivyoiona.

---

Mtoto_wa_Ngambo

Na Lubaina Himid je, kazaliwa hapa hapa Unguja 1954, kachukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017, yule anachora mpaka kanga na maneno yake. Sisi huku tunamjua nani? Tunamjua aliyeshinda bao jana baraza ya Jaws Corner.

---

Bi_Mwana_wa_Tumbe

Mwanangu Binti Kusini, nimeletewa hii mada na mjukuu wangu, yeye anaandika mie nasema, kwa hivyo pakikosewa herufi ni yeye.

Ukili wako unajikunja kwa sababu umeufanyia haraka. Ukindu unasukwa ukiwa umekauka kisha umetiwa maji kidogo tu, ulainike usikatike. Wewe nadhani umeuloweka mpaka umeshiba. Ukishiba, ukikauka unarudi nyuma, na hiyo plastiki yako haina pa kurudi. Hata ungesuka ukindu mpana na ukindu mwembamba pamoja ungekukunjia vile vile. Hilo la kwanza.

La pili ndilo kubwa. Mama yako hajakosea. Mkeka ukichakaa kwetu tunautandika jikoni, ukizidi kuchakaa tunaanikia karafuu au dagaa, ukizidi tunautupa shambani chini ya mgomba, mvua mbili hauuoni. Hakuna mkeka uliowahi kumshinda mtu pa kuutupa. Sasa huo wako wenye nailoni ndani yake ukichakaa utautupa wapi? Shambani hautooza, ukiuchoma unavuta moshi wa sumu, na kuchambua nailoni kutoka kwenye ukili uliosukwa hakuna mtu mwenye siku hizo. Umetoa takataka pwani umeifunga ndani ya mkeka, ukindu mzima nao umekuwa takataka. Mama kakwambia jaa kwa sababu ameliona jaa.

Lakini kazi usiache. Usisuke, shona. Wewe ni mjukuu wa msukaji, unajua mkeka haukusukwa mzima mzima, unasukwa ukili mrefu kisha unaushona ukingo kwa ukingo. Kinachosukwa kimeshikana, kinachoshonwa kinafumuka. Basi ukili wako suka ukindu mtupu, juu mpaka chini, na hizo nyavu na vijikamba vyako zishone juu yake kwa uzi wa usumba, nyuzi za kumbi. Siku ukichoka nao unakata uzi, plastiki inakwenda kwake, mkeka unabaki mkeka. Na kule chini unakotaka pasiwe na ukindu, ziachie nyavu zining'inie zenyewe.

---

Kasa_Dume

Bibi huyu apewe uprofesa leo leo.

---

Nahodha_Kaskazini

Mie mvuvi sijui mkeka ila nyavu nazijua. Dada usichukue kila wavu unaouona. Ule wa nailoni wa uzi mmoja, mweupe kama kioo, ukishapigwa jua muda unakuwa unakatika katika kama tambi, ukiushika unabaki mkononi vipande vipande, huo ukiutundika ukumbini utakuwa unamwaga vumbi la plastiki juu ya watoto. Chukua wa jarife, ule wa nyuzi zilizosokotwa, mzito wa kijani au buluu, ndo unastahamili. Na uoshe maji ya kisima mara kadhaa, chumvi ikibaki utavuta unyevu na ukindu wako utaota ukungu.

Halafu watu hawajui, wavu ukipotea baharini haukomi kuvua. Unakaa kwenye mwamba unashika samaki, samaki anaoza, anaita samaki mwengine, nae anashikwa. Nimewahi kuutoa mmoja una kasa mbili ndani, zote zishakufa. Sikwambii nilivyojisikia, nilikaa kimya mpaka tunafika diko. Kama utautia wavu wa namna hiyo kwenye mkeka wako nitakuletea mimi mwenyewe, sitaki pesa.

---

BintiKusini

Shikamoo Bi Mwana. Nimekaa na simu mkononi nusu saa. Nimemsomea mama maneno yako yote, kanyamaza, kisha kaniuliza "huyo wa Tumbe ni nani?" nikamwambia simjui, kasema "anajua huyo". Leo jioni kanichania ukindu fungu moja bila ya kuambiwa.

Nna swali jengine bibi la rangi, maana nataka ukindu wa juu uwe na rangi za zamani si za pakti. Nimeambiwa nyekundu ya asli ilikuwa inatoka magome ya mkandaa, aina ya mkoko. Ni kweli? Huku kwetu mikandaa ipo Chwaka.

Nahodha ahsante sana. Huo wavu wa kasa nautaka. Ndo utakuwa wa mwisho kabisa chini.

---

Bi_Mwana_wa_Tumbe

Marahaba mwanangu. Kweli, mkandaa ulikuwa ukitumika, unachemsha magome na ukindu, unatoka wekundu wa kahawia mzuri sana haufifii. Lakini mie nikikuruhusu huo nitakuwa nacheka na wewe kwenye mitandao kisha nalia kondeni. Mkoko ukiumenya gome kuzunguka umeshauua. Na sisi huku Pemba tumeshaona mikoko ikiondoka kitu gani kinafuata, bahari inapanda, maji ya chumvi yanaingia mpaka kwenye mabonde ya mpunga, bonde lililokuwa likilisha ukoo mzima sasa lina majani ya pwani. Unataka mkeka wa kutetea bahari halafu uutie rangi kwa kuua mkoko?

Kama kuna mti umeanguka wenyewe au umekatwa kwa ruhusa, magome yake chukua, si dhambi. La hivyo acha wekundu. Weusi unaupata kwa mdaa, mizizi yake, chimba kidogo upande mmoja mti ubaki. Manjano unayo jikoni, ila itafifia na jua, mwambie mapema anayetazama. Mzingifuri upo, wale wa mashamba ya viungo wanawapaka watalii midomoni, jaribu mbegu zake, mie sijawahi kuutia kwenye ukindu. Na weupe ni rangi, vijana hamjui. Ukindu uliochemshwa ukaanikwa vizuri ukapigwa na umande unatoka mweupe unang'aa, bibi yako angekwambia.

Na huo ukindu wenyewe, unaununua wapi?

---

BintiKusini

Nanunua kwa mama mmoja anauleta kutoka shamba, sijui anaukata wapi. Sijawahi kumuuliza. Nimeona haya sasa hivi.

---

Mzenji_Ughaibuni

Usione haya, hata hawa wakubwa huku hawaulizi turubai la kuchorea limetoka wapi.

---

Mtoto_wa_Ngambo

Jamani na mifuko je? Zanzibar tumepiga marufuku mifuko ya plastiki tokea 2006, Bara wamekuja 2019, nikasema haya sasa vikapu vya ukili vitarudi sokoni, nimekwenda Darajani naona watu wote wana ile mifuko ya kama kitambaa, wanasema hiyo si plastiki. Kumbe nayo ni plastiki, nyuzi zake zimegandishwa tu zikafanana na kitambaa. Mkoba wa ukili nimeuona mmoja tu na alioushika ni mtalii.

---

Kasa_Dume

Kwa sababu mkoba wa ukili umefanywa zawadi, umetiwa maua na "Hakuna Matata", bei imepanda. Mama wa Mwanakwerekwe atanunulia samaki na pesa gani. Zamani samaki alikwenda na pakacha, kuti moja la mnazi, mtu anakusukia hapo hapo unasubiri, ukifika nyumbani unalitia motoni. Hilo ndo la kufufua, halihitaji hata msanii.

Ila dada mimi nimebadilika kidogo. Hiyo ya kushona badala ya kusuka imenipata. Nna neno moja tu: andika majina. Mama yako, Bi Mwana kama ataridhia, aliyekata ukindu, nahodha na wavu wake. Yaandike kwenye kitu hicho hicho, si kwenye karatasi pembeni itakayopeperuka.

---

BintiKusini

Majina nitayasuka. Kuna mikeka ya zamani ina maneno ndani yake yamesukwa kwa ukindu wa rangi, mama anajua kuyapanga, mie bado. Tumeshakubaliana yeye atasuka ukili wa majina, mie nishone nyavu. Sikumuomba, kanambia mwenyewe, "wewe hujui kuandika kwa ukindu, utaandika uongo".

Jengine, kuhusu taitai zenyewe. Jana tumejaribu kufungia mwani kwa usumba mwembamba, kamba moja tu ya majaribio kwenye shamba lake. Mama hana imani nayo, anasema itaoza kabla ya mavuno, na hata huo mwani wenyewe siku hizi haueleweki, ile aina ya kotonii ilishakataa kwetu maji yamekuwa moto, imebaki aina ya spinosamu na bei yake ndogo mnaijua. Tumefunga hivyo hivyo. Bamvua lijalo tunakwenda kuangalia, nitawaambia.

---

Nahodha_Kaskazini

Loweka usumba kwenye maji ya chumvi siku chache kabla hujafunga. Sisi kamba za kumbi za zamani za ngalawa tulikuwa tunafanya hivyo, zinakaza.

---

Bi_Mwana_wa_Tumbe

Jina langu usiandike, andika Tumbe inatosha.

Ukindu nimekukatia. Nimepita kila mkindu nikachukua kuti changa moja tu, lile ambalo bado limefunga, sikurudia mti, ndiyo maana umechukua siku tatu na mafungu si mengi. Umekauka, haujachemshwa, chemsha mwenyewe ujifundishe. Mjukuu kaufunga ndani ya jamvi kuukuu, anaupeleka Wete kesho, utapanda boti pamoja na mtoto wa jirani yetu anayekuja kusoma. Uwe Malindi bandarini, hapo mjini Unguja, asubuhi ya Jumamosi, jamvi lina kiraka cha buluu pembeni, utalijua. Na jamvi nirudishie.